Kioo cha Tatu

Ya zamani ilikufa Alhamisi, picha kumi na moja za pasipoti
zikiwa bado kwenye foleni ya kuchapwa.
Umeme ulikwenda, ukarudi, ukaenda;
ikatoa harufu ya mpira ulioungua,
kisha kimya.
Na gesi inachimbwa kwetu, nikasema kwa sauti,
studio yangu yote ya Newala ikanisikia:
kiti kimoja, pazia la buluu, mimi.

Fedha ya mnada wa tatu ilikuwa imeshaingia,
mikorosho saba aliyoniachia baba.
Nikashuka Mtwara na milioni moja na laki nane
na flashi shingoni kama hirizi.

Shaweji muuza kompyuta hana haraka.
"Prosesa kwanza," akasema, "ndiyo moyo.
Memori kumi na sita, usishuke hapo.
Diski isiyozunguka, picha ifunguke kabla hujapepesa.
Kioo? Chochote, dada. Kioo ni kioo."

Kioo si kioo.
Nyuso za watu zimenilisha miaka kumi na minne.
Najua weusi wetu si mmoja:
upo wa ganda la korosho lililotoka motoni,
upo wa chungu kipya,
upo ule wa wazee wa kwetu juu, unaoelekea zambarau
ukiutazama bila pupa.
Kioo kibovu huusaga wote ukawa masizi.

Nikachomeka flashi. Nilibeba picha moja tu:
Binti Nalinga kizingitini pake, Kitangari,
juu ya kigoda, chale za usoni zimepangana
alivyochanjwa kabla ya Uhuru.
Mwanawe aliniomba nizifute. "Asionekane mshamba."
Nikazifuta. Nikapokea elfu tano.
Siku ya arobaini mjukuu aliitazama pale ukutani
akauliza, bibi yuko wapi?

Hii ndiyo ile isiyoguswa.

Kioo cha kwanza kikampaka udongo mwekundu wa barabara yetu.
Cha pili kikamfanya wa kijivujivu,
kama ametoka mashineni kusaga makopa.
Cha tatu hakikufanya kitu.
Kilimwacha.

Chale zikasimama mojamoja, kila moja na kivuli chake,
na jasho juu ya mdomo, na uzi uliochomoka kwenye kanga.
Na nyuma yake, katika giza la mlango
ambalo miaka mitatu nimeliita giza,
mkono.
Umeshika mwimo. Vidole vinne, kucha fupi.
Kuna mtu alikuwa ndani akitutazama
wakati mimi nasema tulia bibi, hivyohivyo, tulia.

"Hicho kitakula nusu ya fedha yako," Shaweji akasema,
"utabakiwa na prosesa ya kizee."
Nipe ya kizee.
Memori tutaongeza msimu ujao, mikorosho ikikubali.
Na ile betri ya kuokoa umeme ukikatika,
hata kama imeshatumika.
Akapiga hesabu mara mbili, akaguna,
akaniandikia deni la laki moja na nusu.

Sasa iko mezani. Picha moja huifungua dakika nzima.
Wateja huuliza kama imeharibika.
Hapana, nasema, inakuja.
Jana alikuja binti mmoja, anataka awe mweupe
kwa ajili ya kadi ya harusi.
Nikamgeuzia kioo ajione kwanza.
Akajitazama, akajitazama. "Mh," akasema. "Bado."
Nikamweupisha kidogo. Deni halilipwi kwa hoja.

Kitangari sijaenda. Ila kila anayetoka huko
namkuzia vile vidole.
Wa mjukuu, husema mmoja. Wa mke mwenziwe, husema mwingine,
alikuwa hapendi picha.
Mzee wa juzi aliinama karibu na kioo,
akavua kofia,
akaomba maji ya kunywa,
akaondoka bila chenji yake.